Mwanagenzi wa Chumba cha Giza

Siku hizi kijana anayetaka picha zake zitambulike kuwa ni zake huambiwa atafute mwalimu wa kukaa naye ana kwa ana, amsaidie kupata mtindo. Ni ahadi ngeni katika kazi hii. Kwenye studio za Afrika za karne ya 20 mafunzo ya fundi mmoja na mwanagenzi mmoja yalikuwa mlango wa kawaida wa kuingilia kazini, lakini mtindo haukuwa sehemu ya mapatano. Fundi alifundisha kuchanganya dawa, kusafisha mkanda, kukadiria mwanga na kumpokea mteja. Chumba cha giza chenyewe, chembamba na chenye taa nyekundu, hakikuchukua watu wengi. Mtu alijifunza akiwa bega kwa bega na bwana wake au hakujifunza. Na bado studio hizo zilitoa wapiga picha ambao kazi zao huhitaji kutazamwa mara moja tu ili ujue ni za nani. Ninavyoona mimi, mtindo wao ulikua kwa sababu walimu wao waliishia kwenye ufundi.

Mji unaolionyesha hili vizuri kuliko mwingine ninaoujua ni Bamako, nchini Mali. Seydou Keïta, aliyezaliwa humo mnamo 1921 hivi, alikuwa seremala. Mwaka 1935 jamaa yake mmoja alimletea kamera ndogo ya Kodak kutoka Senegal. Kusafisha na kuchapa picha alikuja kujifunza kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha, ambaye alimruhusu kutumia chumba chake cha giza. Mengine aliyapata kwenye duka la vifaa la Mfaransa Pierre Garnier. Mwaka 1948 Keïta akafungua studio yake uani, mtaa wa Bamako-Coura. Kamera yake ilitumia negativu za sentimita 13 kwa 18, na kwa kawaida mteja alipigwa picha mara moja tu, maana negativu ya kipimo hicho si ya kuchezea. Basi kila kitu kilipangwa kabla ya kubonyeza: mkono ulale wapi, bega ligeuke kiasi gani, saa ionekane au ifichike. Pazia la kwanza lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Baadaye akawa analibadilisha kila baada ya miaka michache, hata leo tarehe ya picha hukadiriwa kwa kutazama pazia lililo nyuma ya mteja. Mwanamke aliyekuja na gauni la maua alipowekwa mbele ya pazia la maua, nguo na ukuta vilikaribia kuwa kitu kimoja, na uso ukabaki peke yake ukikutazama. Hakuna kipimo cha dawa kinachomfundisha mtu jambo hilo. Nathubutu kusema kuwa mkono wa seremala, uliozoea kupanga vipande hadi vikae, ulichangia zaidi ya somo lolote la kamera.

Malick Sidibé alikuja nyuma yake, naye ndiye shahidi wangu mkubwa. Alikuwa amesomea sanaa na ufundi. Mwaka 1955 Mfaransa Gérard Guillat alimwita kupamba duka lake la picha, kisha akambakiza kama mwanagenzi. Sidibé alijifunza zaidi kwa kutazama. Guillat alikwenda kupiga picha kwenye dansi za Wazungu. Sherehe za Waafrika zikaachiwa kijana. Huko alikoachiwa ndiko alikojipatia jina. Jumamosi usiku alizunguka kwa baiskeli kutoka sherehe moja hadi nyingine, kamera nyepesi na flashi mkononi, akarudi usiku huohuo kusafisha mikanda. Vijipicha vidogo vilibandikwa kwenye makaratasi magumu, kila kimoja na namba yake, vikatundikwa nje ya studio. Vijana walikuja kujitafuta, wakachekana, na aliyejipenda akaagiza nakala. Picha yake ya usiku wa Krismasi wa 1963 ina kijana na msichana wakicheza, vichwa vikikaribia kugusana, macho yao yameinamia miguu, na msichana yuko peku. Mteja wa Keïta alijipanga. Wa Sidibé alikuwa amejisahau. Mji ni mmoja, na muda uliowatenganisha haukufika hata miaka ishirini.

Mtu anaweza kusema tofauti hiyo ni ya vyombo tu: mmoja alikuwa na kamera ya kusimamishwa, mwingine kamera ya mkononi na flashi. Chombo kina uzito wake, sikatai. Lakini kamera nyepesi na flashi ziliuzwa kwa yeyote mwenye fedha, na Sidibé ni mmoja tu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba namsifia Guillat kwa mgawanyo wa kazi uliofuata rangi ya ngozi. Simsifii. Haikuwa hisani. Mafunzo yalimpa kijana ufundi, ubaguzi wa ukoloni ukampeleka kwa wateja ambao bwana hakuwaendea, na bwana asipokuwepo hakuna wa kuiga. Hoja yangu ni hiyo tu.

Pwani yetu nayo inatoa ushahidi, na sehemu yake moja inanipinga. Kule Unguja, Ranchhod Oza alipitia studio ya A. C. Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mwaka 1930, kisha akatoka nje ya kuta nne kupiga picha mitaa ya Mji Mkongwe. Hilo linaniunga mkono. Lakini Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe bila bwana, akawa anakata picha na kuziunganisha kwa namna ambayo sijaona mfano wake pwani nzima. Bakor anathibitisha kuwa mtindo unaweza kuzaliwa bila mwalimu, nami nakubali. Hathibitishi kuwa mwalimu huua mtindo. Mbali na pwani, Samuel Fosso wa Bangui alifundishwa na jirani kwa miezi michache tu, akafungua studio mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13; picha zake mwenyewe zilizompa jina alizipiga baada ya kazi, ili kumalizia mikanda ya wateja. Mwalimu alimpa ufundi, na mabaki ya mkanda yakampa uhuru.

Wewe unayetaka kulipia mafunzo ya ana kwa ana leo, muulize mwalimu atakufundisha kazi gani ya mikono, na ni watu gani yeye hajawahi kuwapiga picha. Akikuahidi mtindo tu, bakiza fedha zako.