Mume kumfuata mke: habari ya sheria ya Uingereza na ya kwetu



Mwezi wa Mei 2024 binti wa dada yangu alinijia na bahasha ya makaratasi. Amezaliwa Leicester, ana pasipoti ya Uingereza, anafanya kazi ya kuhudumia wazee, na Desemba iliyotangulia aliolewa Tanga na kijana fundi wa mashua. Alitaka tujaze fomu za kumleta mumewe. Tukapiga hesabu ya mshahara wake wa mwaka: pauni 24,000 na kitu. Tangu tarehe 11 Aprili 2024 kiwango ni pauni 29,000. Kabla ya siku hiyo kilikuwa 18,600, na angepita bila kelele. Basi akaniuliza: "Mama mdogo, hesabu hii nani kaiweka? Na mbona mama alipoletwa na baba hakutajiwa kiwango chochote?"

Swali la pili ndilo lililonikaa kichwani. Mie ni mtu wa historia, na jibu lake lilikuwa refu kuliko alivyodhani.

Sheria ya mwaka 1962, ile iliyowafungia Waingereza wa makoloni mlango kwa mara ya kwanza, ilimwachia mke wa mtu aliyekwisha kukaa Uingereza haki ya kuingia, yeye na watoto walio chini ya miaka 16. Mume hakupewa haki hiyo. Aliruhusiwa kwa hisani tu. Hisani hiyo James Callaghan, akiwa waziri wa mambo ya ndani, aliiondoa Januari 1969, isipokuwa kwa sababu maalum. Roy Jenkins akairudisha 1974. Mwaka 1980 serikali ya Thatcher ikabana tena: mwanamke angeweza kumleta mumewe iwapo tu yeye ni raia na amezaliwa Uingereza, au mzazi wake mmoja kazaliwa huko. Mwanamume hakuwekewa sharti la namna hiyo.

Msidhani kwamba wanawake walikuwa wakipokewa kwa maua. Januari 1979 mwalimu mmoja kutoka India, mwenye miaka 35, alifika Heathrow kuja kuolewa. Mchumba wakati ule hakulazimika kupanga foleni ya kibali kama mke, na maafisa wakashuku kwamba ameshaolewa. Akakaguliwa na daktari mwanamume kama ni bikira. Gazeti la Guardian lilipoiandika habari hiyo, kelele zilizuka mpaka India. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa naandika tasnifu yangu miaka ya 90, maktabani, nikalifunga jalada nikatoka nje kupunga upepo.

Sasa tuje kwenye kesi yenyewe. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali walikataliwa waume zao: Nargis Abdulaziz, mzaliwa wa Malawi, Arcely Cabales, muuguzi kutoka Ufilipino, na Sohair Balkandali, mzaliwa wa Misri. Wakaipeleka serikali kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Serikali ikajitetea kwamba kazi ni chache, na mwanamume akija atatafuta kazi lakini mwanamke atakaa nyumbani. (Cabales alikuwa muuguzi! Hata hilo halikuwazindua.) Tarehe 28 Mei 1985 mahakama iliamua kwamba huo ni ubaguzi wa jinsia. Hoja ya ubaguzi wa rangi haikuikubali, jambo ambalo mie mpaka leo halijanishuka vizuri.

Wanawake wale walishinda. Na serikali ikatii. Ilitii vipi? Haikuwapa wanawake kile walichokuwa nacho wanaume. Agosti 1985 iliwachukua wake na kuwatia chini ya masharti yale yale yaliyowabana waume. Usawa ukapatikana kwa kuwanyima wote.

Kubwa katika masharti hayo lilikuwa lile la lengo kuu. Mwombaji alitakiwa athibitishe kwamba lengo kuu la ndoa yake si kuingia Uingereza. Ukithibitishaje? Ukisema unataka kwenda kuishi na mkeo kule aliko, umeshajifunga mwenyewe. Na kwa vijana wa Kihindi na Kipakistani hoja ilikuwa ya ajabu zaidi: eti mila yenu ni mke kumfuata mume, kwa nini wewe unamfuata mke? Sharti hilo lilifutwa Juni 1997 chama cha Labour kiliposhika serikali. Mengine yalifuata. Julai 2012 kikaja kiwango cha kipato, pauni 18,600, na muda wa kungoja ukaazi wa kudumu ukapanda kutoka miaka 2 hadi 5. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo mwaka 2017 ilikubali kuwepo kwa kiwango, ila ikasema maslahi ya watoto hayakuzingatiwa inavyostahili.

Haya, tumewasema Waingereza. Na sisi je?

Mwaka 2004 nilirudi Dar es Salaam kufundisha, na mume wangu, ambaye ni Mwingereza, akanifuata. Afisa mmoja aliyashika makaratasi yetu, akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema: "Dada, ingekuwa wewe ndiye mgeni umeolewa na Mtanzania, ingekuwa rahisi." Hakukosea hata kidogo. Sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamruhusu mwanamke mgeni aliyeolewa na raia kuomba uraia kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyeoa raia hana njia hiyo, inambidi apitie njia ndefu ya wageni wote.

Wengi wetu tunaiona hiyo kuwa ni mila yetu. Mie nasema si kweli, angalau si kwa pwani. Chimbuko lake ni sheria ya uraia ya Uingereza ya mwaka 1948, iliyompa mke wa raia haki ya kuandikishwa na kumwacha mume nje. Tanganyika ilipopata uhuru 1961 ikaurithi mpangilio ule ule. Waingereza wenyewe waliuacha tangu Januari 1983. Kenya nayo iliuacha kwa katiba ya 2010, ambapo aliyedumu miaka 7 katika ndoa na raia, mume au mke, anaweza kuomba kuandikishwa. Sisi tumelishika koti ambalo mwenyewe keshalitupa.

Maana mila ya Lamu ni ipi? Mwungwana alimpa binti yake nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Hata babu yangu Tanga, ambaye hakuwa na jumba la mawe wala nini, alikaa ukweni miaka minane, na watoto wake watatu wa kwanza walizaliwa huko. Hakuna aliyemuuliza lengo kuu. Wenye kujua zaidi ya Unguja na Mombasa wanisahihishe, nitashukuru.

Binti yetu alichukua zamu za usiku na kazi ya pili Jumamosi, akakusanya hati za mshahara za miezi 6. Fomu tulizituma Februari 2025: ada ya viza pauni 1,846, na ya matibabu pauni 3,105. Fedha hizo zilichangwa na ukoo mzima, mpaka shangazi wa Pangani aliuza ng'ombe.

Mkwe alishuka Heathrow mwezi wa Juni, na begi moja na gunia la korosho. Kupanga nyumba hawawezi bado, deni halijaisha. Wanakaa kwa dada yangu, chumba cha juu, na asubuhi mkwe huyo ndiye wa kwanza kuamka, anatengeneza chai ya watu wote kabla mama mkwe hajashuka.