Maktaba ya Mji Mdogo na Historia ya Usomaji wa Kiswahili



Historia ya Kiswahili Sanifu, kama tunavyoifundisha, ni historia ya vikao. Tunaanza na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ulioichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji. Tunaendelea na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, tunazitaja kamusi za Johnson za mwaka 1939, kisha tunaruka hadi mwaka 1964, kamati hiyo ilipoingizwa katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam, ikawa chombo tulichokuja kukiita TUKI. Mwaka 1967 tunalikuta Baraza la Kiswahili la Taifa, na hapo mwanafunzi hufunga daftari. Yote hayo ni kweli, nami nimeyafundisha kwa miaka mingi. Lakini kikao hakisomi vitabu. Kanuni za tahajia huamuliwa mezani, na huzoewa na macho ya watu wanaosoma kila siku, pasipo kulazimishwa na yeyote. Watu hao walisomea wapi? Jibu ninalotaka kulitetea leo ni kwamba wengi wao walisomea katika chumba kimoja chenye rafu chache na meza ndefu, katika mji mdogo ambao haujawahi kuwa na duka la vitabu linalostahili jina hilo. Chumba hicho tumekiacha nje ya historia ya lugha.

Nianze na maneno yenyewe, maana ndiyo kazi yangu. Maktaba, kitabu, mkutubi na ukutubi ni jamaa wa mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuandika. Kitabu kimekuwa mwenyeji kabisa: silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi ki- cha ngeli yetu, basi wasemaji wakakipa wingi, vitabu, bila kuuliza kama Mwarabu ataridhia. Maktaba halikupata bahati hiyo. Silabi yake ya kwanza nayo inafanana na kiambishi cha wingi, ila hakuna aliyeifanya kiambishi; tunasema maktaba hii, maktaba hizi, na neno halibadiliki. Silichukulii jambo hilo kuwa ushahidi wa lolote, ingawa hunifurahisha.

Lililo zito zaidi ni kitenzi kuazima. Kiswahili hutofautisha kukopa na kuazima. Anayekopa kibaba cha unga hurudisha unga mwingine. Anayeazima jembe hurudisha jembe lile lile. Tena kuazima hutumika kwa pande zote mbili: mwenye kitu huniazima, nami humwazima. Kwa hiyo ukutubi ulipofika huku ukiwa na kadi na mihuri yake, haukuhitaji kuunda istilahi ya tendo lake kuu. Uswahilini jambo hilo lilikuwa tayari sehemu ya ujirani, pamoja na haya ya kuchelewesha kitu cha mwenyewe. Kilichokuwa kigeni ni kuazima kutoka kwa asiye jirani, yaani kwa umma.

Kabla ya maktaba za umma, maandishi ya Kiswahili yalikuwa na njia zake. Tenzi zilinakiliwa kwa hati za Kiarabu na kughaniwa mbele ya watu, hivi kwamba nakala moja ilitosha mtaa mzima. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na idara ya elimu ya Tanganyika mwaka 1923, nalo lilisomwa kwa sauti vibarazani. Usomaji huo ulikuwa hai na wa hadhara. Haukumpa mtu nafasi ya kuchagua mwenyewe, kurudia ukurasa mara tatu, au kuacha katikati bila kumkosea mtu adabu.

Maktaba zilizojengwa wakati wa ukoloni hazikuwa za watu hao. Mombasa ilikuwa na maktaba ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903, na hiyo ni heshima ya pwani. Nairobi ilijengewa maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na kwa zaidi ya robo karne ilikuwa ya Wazungu peke yao. Msomaji wa Kiswahili alifikiwa kwa mlango mwingine. Mwaka 1948 iliundwa idara ya vitabu ya Afrika Mashariki, East African Literature Bureau, chini ya Charles Richards. Pamoja na kuchapisha, idara hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya mikoani na kuwaazima wasomaji vitabu kwa posta. Fikirieni karani au mwalimu aliyepangiwa kazi mbali na reli, anayepokea furushi la kitabu kutoka kwa mtu asiyemjua, na kulirudisha. Mimi huona hapo mwanzo wa msomaji wa Kiswahili wa kisasa: yuko peke yake, ananyamaza, na hakuna anayempa mtihani.

Umbo tunalolijua lilitokana na ripoti ya S. W. Hockey ya mwaka 1960, iliyozishauri serikali za Afrika Mashariki zianzishe huduma za kitaifa za maktaba badala ya kuiachia kila halmashauri mzigo wake. Tanganyika ilitunga sheria mwaka 1963, Uganda mwaka 1964, Kenya mwaka 1965. Uamuzi huo ulikuwa na faida na hasara zake. Faida ni kwamba mji usio na fedha uliweza kupata maktaba. Hasara ni kwamba vitabu vilichaguliwa makao makuu, na mji ulivipokea kama unavyopokea mvua. Makao Makuu ya Dar es Salaam yalifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Naomba mwaka huo utazamwe vizuri. Ni mwaka wa Azimio la Arusha, wa Elimu ya Kujitegemea, na wa sheria iliyounda BAKITA. Tumezoea kulihesabu Baraza katika mafanikio ya lugha na jengo la maktaba katika mafanikio ya ujenzi. Nadhani vyote viwili vilikuwa vya kazi moja.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Sensa ya mwaka huo huo wa 1967 ilionyesha kuwa theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikafuata. Baada ya mtihani wa taifa wa Agosti 1975, kiwango cha wasiojua kusoma kilihesabiwa kuwa asilimia 39. Kufikia mwaka 1986 kilitajwa kuwa chini ya asilimia 10. Kisomo hicho, ambacho wakati ule kiliitwa kisomo chenye manufaa, kiliendeshwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa maoni yangu ndicho kilichokieneza Kiswahili Sanifu vijijini kuliko kitabu chochote cha sarufi. Waliokiendesha walijua kuwa cheti si mwisho wa safari. Ndiyo maana yalianzishwa magazeti ya vijijini, kwa mfano Elimu Haina Mwisho la kanda ya Ziwa, na zikafunguliwa maktaba ndogo katika kata na vijiji. Maktaba ya mji ndiyo iliyokuwa kiungo kati ya hizo na Dar es Salaam.

Kisha zikaja shida tunazozikumbuka: vita vya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni, uhaba wa karatasi. Kitabu kilichochapwa mara moja hakikuchapwa tena. Rafu za vijijini zilikuwa za kwanza kukauka. Sensa ya mwaka 2012 ilipouliza, watu wazima wanaojua kusoma na kuandika walikuwa karibu asilimia 78. Siyo haki kuziweka takwimu hizi sambamba kana kwamba zimepimwa kwa kipimo kimoja. Mtihani wa kampeni na swali la karani wa sensa ni vitu viwili. Hata hivyo, waliofundisha ngumbaru wanajua kilichotokea. Mtu alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini, akakosa cha kusoma akiwa na hamsini, na alipofika sitini alikuwa anatia tena dole gumba.

Mjini rafu zilijaa tena, ila zilijazwa na nini? Sehemu kubwa ilikuwa vitabu vya msaada kutoka Uingereza na kwingineko, karibu vyote kwa Kiingereza. Siwalaumu waliovituma, kitabu cha fizikia kilichofika kilikuwa bora kuliko ambacho hakikufika. Lakini matokeo kwa lugha yanaonekana kwa macho. Mji mzima unanunua, unaswali, unagombana na kupatana kwa Kiswahili, na ndani ya maktaba yake Kiswahili kimebanwa katika rafu moja karibu na dirisha. Mpango wenyewe wa kupanga vitabu unasaidia kubana huko. Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mpango wake mwaka 1876, aliigawia Kiingereza namba 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na kuendelea hivyo hadi Kigiriki, 480. Lugha nyingine zote za dunia zilikusanywa katika 490. Lugha za Afrika zimo katika 496, na ili kukifikia Kiswahili inabidi kuongeza nukta na tarakimu tatu: 496.392. Fasihi yetu, vivyo hivyo, ni 896.392. Mtoto wa Kilosa au wa Pangani anayetafuta riwaya kwa lugha yake hana budi kupita kwanza fasihi za Ulaya zote, ndipo aikute yake katika kundi la mengineyo. Nimewaona wakutubi walioviondoa vitabu vya Kiswahili katika mpangilio huo na kuviweka mbele, karibu na kaunta, kinyume cha walivyofundishwa. Ni watu wa tabaka la kati la utumishi, mishahara yao midogo, na hakuna aliyewahi kuwaita wapangaji wa lugha. Mimi nawaita hivyo.

Husemwa pia kwamba maktaba hizi zimekufa kwa sababu wanaozijaza ni wanafunzi waliokuja na madaftari yao, wasiogusa kitabu cha rafuni. Ni kweli wamejaa. Msichana anayeishi katika chumba kimoja na ndugu watano hupata pale meza, taa, na saa tatu ambazo hakuna atakayemtuma maji. Hilo nalo ni toleo, na wanaolidharau mara nyingi wana chumba cha kusomea nyumbani. Pembeni, kwenye mabenchi ya magazeti, wapo wazee waliostaafu, dereva anayesubiri abiria, na fundi anayetafuta matangazo ya zabuni. Ndicho chumba pekee mjini ambamo mtu huketi kutwa nzima bila kununua chai.

Nitoke Tanzania kidogo. Mjini Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, huduma ya taifa ya maktaba ilianza mwaka 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia: masanduku ya vitabu yalifungwa mgongoni mwa mnyama, pamoja na hema na mikeka ya kukalia. Mfano huu husimuliwa kama kichekesho cha wasafiri. Mwanaisimu auone vingine. Nyumbani mtoto wa huko huzungumza Kisomali. Kiswahili hukutana nacho shuleni, mitihani ikiwa nyuma yake. Kitabu cha hadithi anachokiazima kwa ngamia ni miongoni mwa nafasi chache za kukutana na Kiswahili pasipo mtihani, na lugha ya pili huota mizizi katika nafasi za namna hiyo.

Nimalizie na jambo linalowahusu hasa wanafunzi wa uzamili waliomo ukumbini. Nyuma ya kila kitabu cha maktaba hubandikwa karatasi ya tarehe, na kila kinapoazimwa hupigwa muhuri. Tunaandika tasnifu nyingi kuhusu dhamira katika riwaya za Kiswahili, lakini ni nadra kuuliza nani alizisoma, lini, na mara ngapi. Karatasi hizo zinajua. Zinaweza kutuonyesha kama Shaaban Robert alisomwa kwa hiari au katika miaka aliyotahiniwa tu. Kama riwaya za upelelezi, ambazo idara zetu zilizidharau, ndizo zilizochakaa haraka zaidi. Kama katika miaka ya njaa ya karatasi kitabu kimoja kilipita mikononi mwa mji mzima. Sasa maktaba zinahamia kwenye kompyuta, na kila mwaka vitabu vilivyochakaa huondolewa rafuni. Vinavyoondolewa kwanza ni vile vilivyosomwa sana, yaani vyenye mihuri mingi kuliko vyote. Vichache hutunzwa, vingine huchomwa moto uani pamoja na majani ya mwembe. Nendeni na kamera, hata ya simu. Mwombeni mkutubi ruhusa kabla ya siku ya kuchoma. Pigeni picha ya ukurasa wa jina la kitabu, kisha ya ukurasa wa mwisho, na mwandike jina la mji.