Mjomba Wetu wa Flemingdon Park

Ndugu zangu, vitabu vyetu vimewasifu wenye shahada. Mjomba wetu mwenye ulemavu wa akili hatujamwandika. Sheria ya uhamiaji ya 1952 iliwakataza walio kama yeye kuingia Kanada; ile ya 1976, iliyoanza kutumika 1978, ikapima gharama za afya na jamii. Baada ya kuzungushwa sana, alifika mwaka 1993. Kituo cha Orillia, kilichowatenga wenzake tangu 1876, kilifungwa 2009. Yeye hakufungiwa popote. Lakini Mombasa alipita barazani akiitwa kwa jina, akamiminiwa kahawa. Hapa alipanda na kushuka lifti kutwa, akiwaamkia wapangaji. Nasi, wallahi, tulikuwa kazini. Jioni alitutajia walioitikia: siku nyingi, mmoja.