Kasi na Pumzi

Mwaka 1974, serikali ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu karibuni. Miaka thelathini baadaye nilikuwa mkuu wa shule katika delta ya Rufiji, tukitegemea umeme wa jua. Tukapata fedha za kompyuta moja. Mwalimu kijana alinishauri tununue ya kupakata, yenye prosesa ya Pentium M ya gigahezi 1.6. Nikamcheka. Nilichukua ya mezani, Pentium 4 ya gigahezi 3.0, tukaivusha kwa mashua kutoka Nyamisati.

Kumbe gigahezi ni hesabu ya mapigo tu. Pentium M, iliyotoka mwaka 2003, ilifanya kazi kubwa zaidi kwa kila pigo, tena kwa wati 24.5, yangu ilidai karibu 82. Betri zikakata usiku, mtihani haujachapwa. Asubuhi niliandika maswali ubaoni kwa chaki, yule kijana akinifutia vumbi bila neno.

Leo watu wa Kibiti wakiniuliza kompyuta ipi ni bora, nami huwauliza kwanza: umeme mtautoa wapi?