Kusoma Umri wa Kioo cha Kale

Umri wa kioo cha kale cha kujitazamia husomwa kwanza mgongoni. Fremu ndiyo huvutia jicho, lakini pia ndiyo hupotosha zaidi, kwa sababu mafundi wa karne ya 19 waliiga kwa ustadi mkubwa mitindo ya karne mbili zilizotangulia.

Tangu karne ya 16, mafundi wa Murano, kisiwa cha Venice, walitandaza bati jembamba kama karatasi, wakalimwagia zebaki, kisha wakalaza kioo juu yake na kukigandamiza kwa mawe mazito. Sura katika kioo hicho huonekana ya kijivu, yenye utulivu fulani. Kioo kikisimama ukutani miaka mingi, zebaki hushuka polepole, ndiyo maana ukingo wa chini huharibika kabla ya sehemu nyingine, ukitoa madoa ya kijivu yanayometameta kama chembe za chumvi. Dalili hii haidanganyi kirahisi. Anayeiona anatazama kazi ambayo, kwa kawaida, ni ya kabla ya karne ya 20.

Mwaka 1835 mkemia Mjerumani Justus von Liebig alionyesha namna ya kupaka kioo fedha kwa kemikali. Njia hiyo iliingia viwandani baadaye katika karne hiyo, ikawaondolea mafundi mvuke wa zebaki uliowaletea mitetemeko na maradhi. Kioo cha fedha hung'aa zaidi, na kikizeeka hupata madoa meusi au ya kahawia.

Ukubwa nao husema. Kioo cha kale kilipulizwa kwa pumzi, hivyo hakikuweza kuwa kipana sana. Ndiyo maana Ukumbi wa Vioo wa Versailles, Ufaransa, uliokamilika mwaka 1684, una vioo 357 vilivyopangwa pamoja. Miaka michache baadaye Wafaransa walianza kumimina kioo juu ya meza, na vioo vipana vikawezekana. Ukingo ulionolewa kwa mkono ni mpana na wa mteremko mdogo, kiasi kwamba kidole huuhisi kwa shida. Wa mashine ni mkali, tena sawasawa pande zote.

Mbao za mgongoni zenye mikwaruzo ya randa ya mkono ni ishara njema. Plaiwudi huashiria karne ya 20, ingawa huenda iliwekwa wakati wa matengenezo.

Baada ya hayo ndipo fremu hupata maana. Kombe na majani yasiyolingana pande mbili ni mtindo wa rokoko wa katikati ya karne ya 18. Mistari iliyonyooka na vyungu vya Kigiriki vilifuata tangu miaka ya 1760. Dhahabu halisi ikichakaa hufichua udongo mwekundu chini yake, ilhali rangi ya kuiga dhahabu hufifia na kuwa ya kahawia.

Vioo hivyo vilifika pwani ya Afrika Mashariki pia: katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, anaeleza vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya kwa ajili ya nyumba za Unguja. Enzi hiyo zebaki na fedha zilitumika sambamba, hivyo kioo cha nyumba ya kale ya pwani chaweza kuwa cha aina yoyote kati ya hizo mbili.

Mwenye kioo cha zebaki asiukwangue mgongo wake wala kukipaka upya: upako huo una sumu, na ukiondolewa, ushahidi wa umri huondoka nao.