Antoine Gizenga: Haki ya Kutawala na Uwezo wa Kutawala

Antoine Gizenga (1925-2019) hutajwa mara nyingi kama kivuli cha Patrice Lumumba. Mtazamo huo hautoshi. Maisha yake ya kisiasa yanadhihirisha jambo zito zaidi, nalo ni umbali uliopo kati ya haki ya kutawala na uwezo wa kutawala.

Gizenga, mzaliwa wa Kwilu, alikuwa kiongozi wa Chama cha Mshikamano wa Kiafrika (PSA), kilichoundwa mwaka 1959. Katika uchaguzi wa Mei 1960 chama hicho cha mrengo wa kushoto kilipata viti 13 kati ya 137, naye akawa naibu wa Waziri Mkuu Lumumba. Rais Kasa-Vubu alipomfukuza Lumumba tarehe 5 Septemba, na Mobutu akaingilia kati kwa nguvu za jeshi siku tisa baadaye, Gizenga alikwenda Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Tarehe 12 Desemba alitangaza kwamba serikali halali ya nchi ilikuwa huko. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: Bunge halikuwa limekubali Lumumba aondolewe.

Kivu iliguswa mapema. Mwishoni mwa Desemba, askari wa Stanleyville walimkamata Jean Miruho, rais wa jimbo, mjini Bukavu. Baadaye Anicet Kashamura, wa chama cha CEREA, akashika uongozi. Askari wa Mobutu waliotumwa kupitia Ruanda-Urundi kuukomboa mji huo walishindwa Januari 1961. Baada ya Lumumba kuuawa mwezi huohuo, serikali ya Stanleyville ilitambuliwa na Umoja wa Kisovieti, Misri na Uchina. Hata hivyo kutambuliwa si kusaidiwa: Sudan ilikataa misaada kupita katika ardhi yake, na fedha zikaadimika.

Hivyo, Agosti 1961, Gizenga alikubaliwa kuwa naibu wa Waziri Mkuu Cyrille Adoula. Januari 1962 alikamatwa, na akafungwa katika kisiwa cha Bula Bemba hadi Julai 1964. Alipoachiliwa aliunda PALU, chama cha wafuasi wa Lumumba, kisha akaishi uhamishoni kwa miaka mingi hadi aliporejea mwaka 1992.

Mwaka 2006 alipata asilimia 13 ya kura za urais na kushika nafasi ya tatu. Alimuunga mkono Joseph Kabila katika duru ya pili, na tarehe 30 Desemba akateuliwa kuwa Waziri Mkuu, akiwa na umri wa miaka 81. Lakini PALU ilikuwa na viti 34 tu kati ya 500. Mwaka 1961 alikuwa na hoja bila nyenzo. Sasa alikuwa na cheo kilichotegemea wingi wa wengine.

Gharama ya udhaifu huo ilionekana Goma. Mkataba wa amani uliotiwa saini mjini humo Januari 2008 haukudumu. Mwezi Agosti vita vilianza upya, na watu wakakimbilia kambi za Mugunga, magharibi ya Keshero. Gizenga alijiuzulu tarehe 25 Septemba.

Uaminifu wake kwa jina la Lumumba haukanushiki. Hata hivyo, kwa mkimbizi wa Mugunga, uhalali wa serikali ulipimwa kwa usalama wa njia ya kumrudisha nyumbani.