Saini za wadai: jinsi anayedai alivyopata nafasi ya kusema

Mwaka 1706, mfanyabiashara aliyefilisika Uingereza hakuweza kufutiwa madeni kwa uamuzi wa makamishna wa ufilisi peke yao. Alilazimika kupata saini za wadai wanne kati ya kila watano, kwa idadi yao na kwa thamani ya fedha wanazodai. Akizikosa, madeni yalibaki shingoni mwake.

Haikuanza hivyo. Sheria ya Mfalme Henry VIII ya mwaka 1542 ilimhesabu aliyefilisika kuwa mhalifu. Mali yake ilikamatwa, ikauzwa, na kila mdai akapewa fungu kulingana na deni lake. Hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa, maana hapo awali aliyewahi ndiye aliyepata. Ila msamaha haukuwepo. Mwandishi Daniel Defoe, aliyefilisika mwaka 1692 akidaiwa takriban pauni 17,000, aliyaonja machungu hayo, na kalamu yake ilitetea mageuzi ya 1705 na 1706 yaliyomruhusu mdaiwa mkweli aachiliwe.

Aliyedanganya aliweza kunyongwa. John Perrott, muuza vitambaa wa London, alipoulizwa fedha zilikokwenda alijibu kwamba alizitumbua kwa anasa. Wadai hawakumwamini, wakachimba, ikabainika kwamba alificha mali. Alinyongwa Smithfield, Novemba 1761.

Naona kosa la mfumo ule wa saini lilikuwa kumpa mdai kufuli badala ya kumpa nafasi ya kusema. Mdai wa fedha nyingi angeweza kugoma kutia saini kwa chuki tu, na hakuna aliyemtaka aeleze sababu. Bunge liliondoa sharti la saini mwaka 1842. Lakini sheria ya 1869 ikarudisha usimamizi mikononi mwa wadai, nao wengi, hasa wenye madai madogo, hawakuwa na muda wa kuhudhuria mikutano. Wajanja wakakusanya barua za uwakilishi, wakapiga kura kwa niaba yao, na mali ikaliwa na gharama.

Waziri Joseph Chamberlain ndiye aliyesimamia sheria ya 1883. Ofisa wa serikali alichunguza mambo ya mufilisi, naye mufilisi akahojiwa kwa kiapo mbele ya mahakama, hadharani. Mdai yeyote aliyewasilisha uthibitisho wa deni lake aliruhusiwa kumuuliza maswali, hata kama anadai pauni chache. Siku ya kuomba kuachiliwa, mdai alisikilizwa akitaka kupinga, lakini uamuzi ulikuwa wa jaji. Kwangu mimi, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii.

Utaratibu huo ulivuka bahari pamoja na ukoloni. Tanganyika na Kenya zilitungiwa sheria za kufilisika mwaka 1930 kwa kufuata mfano wa Kiingereza, zikiwa na mkutano wa wadai na mahojiano ya hadharani. Kenya ilibadili sheria yake mwaka 2015: mufilisi huachiliwa baada ya miaka mitatu, isipokuwa pawe na pingamizi, na mdai ni miongoni mwa wanaoruhusiwa kuliweka.

Bado mlango ni uthibitisho wa deni. Mwenye duka la jumla ana ankara na mwanasheria. Mama aliyekopesha unga kwa kuandika kwenye daftari lake la mauzo ya mkaa na nyanya, naye anastahili kuuliza unga wake ulikwenda wapi, lakini kwanza lazima ajue kwamba tangazo la kufilisika limetoka gazetini na kwamba daftari lile ni ushahidi.